Wanaosema Nilifukuza Fedha ya Wilaqollo

Shemeji yangu Fortunato Ayma aliniita ndani ya mgodi kwa mdomo wake, kisha akasimama mbele ya ushirika mzima wa wachimbaji akasema niliingia mwenyewe. Kwa neno hilo nilipoteza kazi, nyumba na jina.

Mume wangu Rosendo alipokufa kwa vumbi la mgodi lililomjaa mapafuni, ushirika ulinipa kibanda cha mawe mlangoni mwa mgodi wa Wilaqollo. Nililinda vifaa, na mchana niliketi kwenye lundo la mawe yaliyotupwa na wanaume, nikiyapasua kwa nyundo. Jiwe lenye madini ya risasi na fedha ni zito kuliko linavyoonekana, na likipasuka hutoa vipande vya mraba vinavyong'aa. Kwa mawe hayo nilimlea binti yangu, Eulalia. Ndani sikuwahi kukanyaga. Mwanamke akiingia, mlima unaona wivu na kuficha madini. Wanaume huko gizani humpa Mjomba, yule pepo mwenye pembe anayemiliki madini, sigara na majani ya koka ya kutafuna. Sisi tunabaki nje na upepo.

Siku moja ya sikukuu, wachimbaji wengine wote wakiwa mjini wakicheza, Fortunato alitoka mbio, shati limejaa damu ya mtu mwingine. Gogo la dari lilikuwa limemwangukia Sixto, mchimbaji mwenzake.

"Shemeji, njoo uniinulie gogo."

Nikamuuliza watu wakijua, nani atanitetea.

"Mimi hapa. Au unataka Sixto afe kwa sababu ya sketi yako?"

Nikaingia. Tuliinua gogo, naye Sixto hajitambui. Fortunato alipokuwa akimfunga mgongoni, mimi nilishika taa, na hapo nikauona mshipa wa madini: mweusi, unang'aa, upana wa kiganja, katikati ya mawe meupe. Ulikwenda hivyo hadi kwenye ukuta wa udongo wa kijivu, laini, wenye michirizi, ukaishia hapo kama mkate uliokatwa kwa kisu. Mbele yake, jiwe tupu. Zamani mlima uliteleza pale, ukaondoka na kipande kilichobaki. Kama kiko juu au chini, hakuna ajuaye. Na ukuta ule ulikuwa umejaa matundu ya baruti ya zamani. Mtu alikuwa amehangaika nao muda mrefu.

Fortunato aliniona ninavyotazama. Akaniambia niangalie njia.

Wenzake alikuwa amewaambia mshipa unazidi kunenepa, nao wakakopa mashine ya hewa ya kutoboa miamba kwa kumwamini. Ilipojulikana kwamba mshipa umekatika, mkutano ukaitwa, kila mtu akitaka kujua fedha ya mlima imekwenda wapi. Fortunato akasimama.

"Nilimkuta ndani," akasema. "Ni mke wa marehemu kaka yangu, nikaona nimsitiri."

Mmoja akadakia kwamba Mjomba ameoa, sasa kahama na mahari. Wakacheka. Sixto akasema hakumbuki kitu, na kweli hakumbuki. Fortunato alikuwa amemwambia kwamba alimtoa peke yake.

"Fortunato, nitazame," nikasema.

Akatazama kofia yake.

Kesho yake walitupa vyombo vyangu nje. Wao nao hawakudumu. Walichimba huku na huku bila kuupata mshipa, maji yakajaa mashimoni, wakauza reli za vigari na kuondoka. Leo mimi nauza supu mjini. Eulalia amekwenda mgodi mmoja baada ya mwingine akiomba nafasi ya kupasua mawe. Wakishasikia ni binti ya nani, nafasi zimejaa.

Kila sikukuu ya wafu Fortunato hunitumia viazi vikavu. Anayevileta huniambia shemeji amenisamehe. Viazi navipika, tunakula, maana njaa haichagui mtumaji.

Lakini simdai viazi. Fortunato Ayma ana deni la kusimama katika ukumbi wa ushirika, Sixto na Eulalia wakisikia, aseme kwamba yeye ndiye aliyeniita, na kwamba mshipa ulikuwa umekatika kabla sijaingia. Siku hizi anakohoa kama alivyokohoa Rosendo. Aseme angali na pumzi.