Mchoro Niliomfutia Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu alipopata nafasi ya kusomea uhandisi, mtaa mzima ulianza kumwita Injinia kabla hajapanda hata gari la kwenda chuoni. Fundi wa baiskeli alikuwa akimpigia saluti. Yeye alicheka tu na kusema, "Ngojeni kwanza. Hata tupa sijawahi kuishika."

Tunaishi nje kidogo ya mji wa Homa Bay, mimi na yeye. Mamake huuza omena, dagaa wa ziwani, kisiwani Remba na huja nyumbani anapopata nafasi, kwa hiyo mtoto huyu nimemlea mimi. Huniita Kwara, yaani babu yangu. Chuo chake kiko mbali, safari ya kutwa, na wiki zile za kwanza alinipigia simu karibu kila jioni kunieleza wanachofundishwa.

Mimi nilidhani wataanza na mitambo. Kumbe muhula wa kwanza mwanafunzi hakaribii mtambo wowote. Walikuwa na hisabati nyingi, fizikia, kemia ambayo hakuipenda, somo la kuandika programu za kompyuta, na somo jingine la kuandika ripoti na kusimama mbele ya watu useme jambo likaeleweka. Siku moja kwa wiki walikwenda karakana. Huko kila mmoja alipewa kipande cha chuma akisugue kwa tupa mpaka pande zake zinyooke. Fundi wa karakana alikiegemezea skwea, kile kipimo cha pembe mraba, akakiinua kuelekea dirishani, na mwanga ukipenya kati ya chuma na skwea, mwanafunzi alirudi mezani kupiga tupa.

"Mimi wangu unapenya kama mlango wazi," aliniambia.

Alinieleza pia namna wanavyopimwa. Kila kitu kilikuwa na alama: mazoezi, ripoti za maabara, kile chuma cha karakana, majaribio ya katikati ya muhula. Yote yakijumlishwa yalikuwa kama thuluthi ya alama za somo. Zilizobaki zilingoja mtihani wa mwisho, na aliyezikosa hizi za kwanza alifika kwenye mtihani akiwa tayari nyuma.

Somo nililopenda kulisikia lilikuwa uchoraji wa kiufundi, kwa sababu nililisoma sekondari na nilikuwa mzuri. Baada ya kidato cha nne sikuendelea. Niliishia kuwa karani wa stoo, na bikari yangu watoto waliimaliza kwa kuchorea miduara mchangani. Siku aliponiambia kwamba wamefundishwa kunoa penseli, nilimwambia hilo hata mimi naweza kuwafundisha.

"Njoo basi, Kwara, wahadhiri wenyewe hawatoshi," akasema.

Ulikuwa mzaha wa mtoto kwa babu yake. Nililiweka neno lile moyoni kana kwamba nimeajiriwa.

Katikati ya muhula kaka yangu mkubwa akafariki. Kwetu asili ni Nyatike, upande wa Macalder, na huko ndiko angezikwa. Nilimpigia mjukuu wangu simu aje.

"Kwara, Jumatatu tunatoa mchoro," alisema. "Hiyo kazi ina alama nyingi. Na karatasi hairuhusiwi kutoka chumba cha kuchorea."

"Watu watasema nini? Babu yako anazikwa, na wewe uko huko unanoa penseli?"

Kwetu mtu akikosa mazishi ya mtu wa nyumbani, jambo hilo husemwa hata miaka ishirini baadaye, na husemwa juu ya aliyemlea. Nilikuwa nikijitetea mimi. Yeye akaenda kwa mhadhiri wake kuomba ruhusa. Mhadhiri, mwanamke ambaye hakuwa amewahi kumruhusu mtu yeyote, alimruhusu atoke na karatasi, kwa sharti moja: achore yeye mwenyewe.

Alifika Alhamisi akiwa amebeba karatasi ndani ya kipande cha bomba la plastiki la maji. Dada yangu, ambaye ndiye huamrisha watu kwenye mazishi yetu yote, alilitazama lile bomba.

"Umekuja kutuletea maji ya mfereji?"

"Ni kazi ya shule, Nyanya."

"Iweke ndani, Injinia. Kazi ya nyumbani iko huku."

Tangu hapo hakukaa chini. Alisonga ugali, akabeba sahani, akawanawisha wageni mikono, akasugua sufuria kubwa ambazo mtu huingia nusu ya mwili kuzisafisha. Tulimzika kaka Ijumaa. Jumamosi wageni bado walikuwapo, na yeye alikuwa bado kwenye sufuria, na Jumapili asubuhi alitakiwa kuondoka. Nilimwona akiutazama mlango wa nyumba ambamo bomba lake lilikuwa.

Niliingia, nikaitoa ile karatasi. Nilitaka kuona tu. Ilikuwa breketi ya chuma yenye matundu mawili. Katika uchoraji wa namna hii kitu kimoja huchorwa mara tatu: kikitazamwa kwa mbele, kwa upande na kwa juu. Alikuwa amemaliza picha ya mbele na ya upande. Ya juu ilikuwa bado. Mistari yake ilikuwa myembamba na yenye woga, lakini safi.

Kisha nikaona jambo lililonishangaza. Picha yake ya mbele ilikuwa karibu na ukingo wa chini wa karatasi. Sisi tulifundishwa kwamba picha ya juu huwekwa chini ya ile ya mbele, na hapa chini hapakuwa na nafasi, ilhali juu kulibaki uwanja mtupu. Nikasema maskini, amechoka, amekosea kupanga karatasi, na kesho anaondoka. Sikutoka nje kumwuliza. Alikuwa umbali wa kurusha jiwe, mikono ina majivu.

Nilichukua raba nikafuta kazi yake yote.

Nikaichora upya. Nilifunga mlango nusu ili wageni wasinione, nikanoa penseli yake, nikapanga picha ya mbele juu, ya juu chini yake, na ya upande kando, kama nilivyofundishwa. Nikaandika maneno kwa zile herufi ndefu tulizokuwa tukichapwa kwa ajili yake. Nje watu walikuwa wanamlilia kaka yangu, tuliyelala naye ngozi moja tukiwa wadogo, na mimi nilikuwa ndani nikinong'ona wimbo. Nilikuwa na furaha. Nalisema hili kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko raba.

Nilipomaliza niliikunja, nikairudisha ndani ya bomba, nikalifunga kwa kitambaa. Asubuhi nilimpa mkononi kwenye stendi.

"Sijamaliza, Kwara. Nitaimalizia kesho alfajiri."

"Usifungue njiani, itachafuka. Nimekusaidia kidogo."

Alikuwa na usingizi. Aliitikia kwa kichwa akapanda.

Alifungua Jumatatu asubuhi ndani ya chumba cha kuchorea, wenzake wakiwa tayari wanapanga foleni. Mhadhiri alikuwa amewaagiza wachore kwa njia nyingine, ile ambayo picha ya juu huwekwa juu. Ule uwanja mtupu haukuwa kosa. Aliuacha makusudi. Hakukuwa na muda wa kuanza upya, akatoa kilichokuwepo.

Mhadhiri aliutazama mchoro, akamtazama yeye.

"Umechora wewe?"

"Ni mimi."

"Na hizi herufi?"

"Ni mimi, Mwalimu."

Akapewa alama chache, za mtu aliyekosea njia, na akaambiwa awe makini na mchoro unaofuata. Haya yote niliyapata kwake kwa shida kwenye simu, jioni ya tatu niliyomwuliza. Hakunigombeza. Nilimwuliza kwa nini hakusema ni mimi.

"Ningesemaje? Kwamba babu yangu alinifutia?"

"Sema hivyo."

"Imepita, Kwara. Nitajazia kwa michoro mingine. Tafadhali niachie."

Mtu aliyejifunza kitu angeishia hapo. Mimi nililala nikiwaza kwamba mtoto amebeba kosa langu, na kwamba mzee mwenye heshima husimama akasema. Baada ya siku mbili nilivaa koti na kusafiri kutwa nzima. Sikumwambia. Nilitaka asikie kutoka kwa mhadhiri kwamba mambo yamesafishwa.

Nililala kwa mtu wa kwetu anayeishi karibu na chuo, na asubuhi nikaelekezwa ofisini. Mhadhiri alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu. Alinipa kiti.

"Karibu, Mzee. Nikusaidie nini?"

Nikamweleza. Nilisema kaka yangu alizikwa, mtoto alikuwa jikoni, karatasi niliifuta mimi na mchoro nikauchora mimi. Nilisema kwa ufasaha. Nilikuwa nimejizoesha njiani.

Aliweka kalamu chini.

"Nilimwuliza mara mbili," alisema. "Akasema ni wake."

"Alikuwa ananisitiri."

"Nilijua si mkono wake, Mzee. Hakuna mtoto wa leo anayeandika herufi zile. Lakini alikuwa ametoka mazishini, nikampa alama za mchoro uliokosewa, nikaliacha hapo." Aliutazama mlango uliokuwa wazi na mwenzake aliyekuwa meza ya pili, ambaye alikuwa ameacha kuandika. "Sasa umekuja ukaniambia mbele ya watu. Kazi iliyofanywa na mtu mwingine haina alama hata moja. Na kunidanganya kuna onyo."

"Basi lile onyo nipe mimi, Mwalimu."

"Wewe si mwanafunzi wangu."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayesoma kibao cha njiani. Nilichukua kofia yangu nikatoka.

Mjukuu wangu aliambiwa na wenzake kwamba kuna mzee wake ofisini. Alinikuta kwenye ngazi, amevaa ile nguo ya buluu ya karakana, vumbi la chuma likimeta kwenye vidole.

"Umemwambia."

"Nilitaka kukutetea."

"Ungeniuliza tu. Ningekuambia usije."

Hakulia wala hakupaza sauti. Alinipeleka kantini akaninunulia chai na chapati mbili, akakaa nami mpaka nikamaliza, akanisindikiza hadi kwenye gari. Wenzake walipopita waliniamkia kwa heshima, na mmoja, kijana mrefu, akasema, "Mzee ndiye alichora?" na mwenzake akamvuta mkono. Natamani angenitukana.

Alama zile chache zikafutwa. Onyo likaandikwa. Na kuanzia hapo hakuna karatasi iliyotoka tena chumba cha kuchorea, kwa sababu yoyote. Wiki chache baadaye nilimwuliza habari za masomo, akaniambia kijana mmoja wa darasa lao amefiwa na mamake. Aliomba atoke na mchoro wake, akaambiwa hapana. Alimwacha mamake bila kumkeshea, arudi amalizie. Mjukuu wangu alinieleza hilo kama habari nyingine yoyote. Hakuniambia ni kwa sababu yangu. Nilikata simu nikakaa nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtu akipita hawezi kunisalimu. Sikumjua kijana yule, na hata kumtumia pole sikuweza, kwa kuwa ningejitambulishaje?

Ilipofika wiki ya mitihani ya mwisho, mke wa marehemu kaka naye akafariki. Dada yangu alinipigia simu.

"Injinia anafika lini?"

"Haji."

"Nani amesema?"

"Mimi. Ana mtihani wa uchoraji."

"Mtihani utarudiwa. Huyu harudi."

"Haji, nyanya yake. Kama kuna la kusema, niseme mimi."

Na yalisemwa. Nilikwenda peke yangu. Nilipofika nilikuta wasichana wachache na sufuria nyingi, nikakunja mikono ya shati nikainama kwenye ile kubwa. Mmoja wa wanawake akauliza kwa sauti kama mahari yangu ilishalipwa. Walicheka mpaka wakaketi chini. Dada yangu hakucheka. Alisimama akinitazama, akasema, "Sugua chini pia, si pembeni tu," akaenda zake.

Mjukuu wangu alipiga simu jioni ile.

"Nimesikia uliosha sufuria."

"Nani amekuambia?"

"Kila mtu."

Nikamwuliza mtihani ulikuwaje.

"Tulifanya, Kwara."

Zamani angenieleza swali kwa swali. Sikuuliza zaidi.

Matokeo yalipotoka alikuwa nyumbani. Alinisomea kutoka kwenye simu yake, tumeketi mlangoni. Hisabati alikuwa juu, na fizikia pia. Hata kemia alipata vizuri kuliko alivyoogopa. La uchoraji alilisoma upesi, sauti chini, kama mtu anayeruka dimbwi, akaendelea na la kompyuta. Ilikuwa alama ya chini kabisa ya kupita. Alisoma mpaka mwisho, akaweka simu mfukoni, akaniuliza kama ningependa chai.