Ngozi ya Beberu na Ndimu Moja

Mimi ni mtu wa kucheka. Nikiamka nacheka, nikiunguza ugali nacheka, na nikiwa peke yangu naota niko jukwaani na kikundi changu cha ngoma, watu wamepanda mpaka juu ya viti. Lakini kuna mtu mmoja niliyemwekea kinyongo tangu kidato cha pili, na kinyongo hicho nimekilea kama kifaranga. Nimekilisha, nimekifunika kwenye baridi ya Dodoma, kimekua. Mwaka huu kimetaga.

Shule yetu ilikuwa Miyuji. Kila Jumatano baada ya vipindi alikuja mama mmoja wa Kigogo kutufundisha ngoma. Hakuwa mwalimu wa chaki. Siku ya kwanza aliingia, akatusalimu, "Mbukwenyi!" akatazama madaftari yetu yaliyofunguliwa, akacheka.

"Mnataka kuandika nini? Ngoma haikai humo. Tokeni nje na mikono yenu."

Alitugawa wawili wawili. Kila wawili walipata gogo lililochongwa na fundi wa Kizota, na ngozi mbichi ya mbuzi kutoka buchani. Ngozi unailoweka kwenye maji ya majivu, unakwangua manyoya, unaiwamba kwenye gogo, unaianika. Sheria yake ilikuwa moja tu: aliyewamba ndiye atakayepiga. Na ile ngoma kubwa ya muheme, inayobanwa kati ya mapaja, Wagogo wanawaachia wanawake, kwa hiyo wasichana wote tuliitaka. Mimi niliitaka mpaka nilikuwa napiga meza ya kulia chakula, mama ananifokea.

Nilipangwa na msichana niliyekaa naye dawati moja. Alikuwa rafiki yangu kabisa, wa kukatiana muhogo katikati. Ile ngozi ilipotolewa kwenye ndoo, akarudi nyuma.

"Shoga, mimi kifua kitanibana. We kwangua, mi nashika kamba."

Akashika kamba. Kwa vidole viwili.

Nilikwangua mimi. Harufu iliingia kwenye kucha, ikapanda kwenye nywele, ikalala kwenye sketi ya shule. Nyumbani mama alinihamisha na sahani yangu. "Kalie pale mlangoni, upepo ukupitie." Nilikula mlangoni nikicheka, maana nilikuwa nasikia tayari sauti ya ngoma yangu.

Asubuhi moja mwenzangu akavuta kiti chake mbali na mimi, darasa zima likitazama.

"Jamani, nani kamfungulia beberu humu?"

Walicheka mpaka wengine wakalala juu ya madawati. Kuanzia siku hiyo nikawa Beberu. "Beberu, kuna majani nje." "Beberu, pembe zinaota lini?" Mpaka watoto wa kidato cha kwanza wakawa wananiamkia kwa adabu: "Shikamoo, dada Beberu."

Nilicheka nao, uso wangu haujui kazi nyingine. Lakini jioni nilikaa uani nikasugua mikono kwa majivu, kwa sabuni ya unga, mwisho kwa ndimu, mpaka vidole vikawaka moto. Jumatano ya kugawana ngoma nilifika shuleni nanukia kama jagi la juisi.

Yule mama alizipanga ngoma zilizokauka, akawa anazigonga moja moja. Alipofika kwenye yetu, ikatoa sauti nene iliyokimbiza kuku wa mlinzi. Akatabasamu.

"Hii kawamba nani?"

"Mimi," akasema mwenzangu.

Nilidhani anatania. Nikamtazama nicheke naye. Hakunitazama.

"Mimi!" nikasema.

Yule mama hakutaka kelele. "Leteni mikono." Akashika ya mwenzangu, akainusa. Asubuhi ile yeye ndiye aliyeitoa ngoma stoo, kaikumbatia njia nzima, kwa hiyo alikuwa ananuka mbuzi safi kabisa. Kisha akashika yangu. Akanusa, akanusa tena.

"Ndimu," akasema.

"Mama, nimenawa!"

"Harufu ile haitoki kwa kunawa mara moja, mwanangu. Apige mwenzako, wewe utaimbisha."

Sikunawa mara moja. Lakini ningesemaje, kwamba nimejisugua wiki nzima kwa sababu ya jina alilonipa huyu huyu? Alinipa jina kwa ajili ya harufu, nikaifuta kwa ajili ya jina, halafu akaja akaivaa yeye na kukalia ngoma yangu. Usiniambie ni mambo ya kitoto. Wewe ulikula mlangoni?

Siku ya wazazi ilipofika nilikuwa nimejiandaa. Mwimbishaji anaruhusiwa kuongeza maneno yake, na mimi nilikuwa nayo.

"Kuna mpigaji hapa, ngozi haijui!"

"Haijui!" wakaitikia wenzangu, wala hawajui wanaitikia nini.

"Kashika kamba kwa vidole viwili!"

"Viwili!"

Alinielewa hapo hapo. Akakaza macho, akaongeza kasi ili maneno yangu yakose pa kukaa. Nikayakata mafupi, nikayaingiza. Akaongeza tena. Alipiga kwa hasira hivi kwamba nikaanza kuomba ngozi ipasuke, ipasuke mbele ya mama yake, kila mtu aone. Haikupasuka. Niliiwamba vizuri mno.

Wazazi walisimama. Walidhani ule ugomvi ndio ufundi wenyewe. Mama yake akaja anapiga vigelegele, akamfunga khanga mpya mabegani. Mimi nilibaki nahema. Mama yangu aliniambia tukienda nyumbani, "Umeimba vizuri, ila mbona kama ulikuwa unasutana na mtu?"

Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea. Sasa naimba kwenye harusi na wenzangu kadhaa, mazoezi tunafanyia uani Makole, na ndoto yangu ya jukwaa bado ninayo. Yeye akawa mwalimu wa kujitolea kwenye shule ya msingi kule kule Miyuji. Mwaka huu akanipigia simu, sauti tamu kama jana tumeachana.

"Shoga, nataka wanangu wajifunze ngoma kwa mikono, siyo kwa kuangalia picha. Njoo utufundishe."

"Nakuja. Ila na mwalimu anafanya kazi kama watoto."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Nilikwenda buchani mwenyewe. Ngozi za watoto nilichukua za mbuzi wadogo, laini. Yake niliichagua polepole.

"Dada, hiyo ni ya beberu mzee," muuza nyama akanionya. "Utakimbiwa na watu."

"Ndiyo ninayoitafuta."

Watoto walikaa wawili wawili chini ya ukuta, wakaanza kukwangua wakipiga kelele. Mwalimu wao nikampa ndoo yake. Alipofunua, machozi yakamtoka.

"Mi nitashika kamba, sawa?"

"Kamba nashika mimi," nikasema. Nikaishika kwa vidole viwili, aone.

Alikwangua. Majivu yalimpanda mpaka viwikoni, manyoya yakamganda kwenye gauni. Jamani, nilikuwa na raha! Watoto walibana pua, wakacheka, mmoja akauliza kwa nguvu, "Dada, mwalimu ananuka kama nani?"

Neno likaja lenyewe mdomoni. Lilikuwa limengoja miaka. Mwenzangu akaacha kukwangua, akaniangalia, na nikajua hajasahau hata kidogo. Nilikuwa nimefungua mdomo. Ila pembeni kulikuwa na katoto kamoja ka kike, kamezama kwenye kazi, mwenzake kamkimbia kwa harufu. Jina lile lisingekaa kwa mwalimu, watoto wanamwogopa. Kesho lingekuwa la kale katoto.

"Ananuka kama ninyi," nikasema. "Haya, kwangueni!"

Nikahamia kwa yule mtoto, nikamshikia kamba kwa mikono yote miwili.

Kazi ilipokwisha niligawa ndimu, kila mtoto kipande. Mwalimu alikuja wa mwisho, mikono kainyoosha mbele kama si yake.

"Shoga, nipe na mimi. Jioni wanakuja kwetu, upande wa mchumba."

"Zimeisha."

"Hata kipande?"

"Hata kipande. Jaribu majivu."

Akanitazama sana. "Kumbe bado unakumbuka."

"Kukumbuka nini tena, mwalimu?"

Nikamuaga, nikatembea mpaka Makole. Ndimu moja nzima ilikuwa mfukoni mwangu, naibinya kidogo kidogo, vidole vinanukia, nacheka peke yangu barabarani.