Jina Nililotaja Gita Lilipoingia

Nakumbuka, mwanangu, siku tulipokwenda Kisumu kurekodi santuri yetu ya kwanza. Nilikuwa mwimbaji wa bendi yetu ya Kendu Bay, kijana wa shati la kubana na majivuno tele. Lakini watu hawakuja kwa ajili yangu. Walikuja kumwona Atieno, binti wa shangazi yangu, aliyepiga gita la solo.

Wakati huo rokenroli ilikuwa imetufikia kwa gramafoni, nasi tukaichanganya na midundo ya kwetu. Atieno alisikiliza wimbo mara mbili tu, kisha akaupiga kwa namna yake, tena bora. Jumapili mchana watu walitoka Oyugis kwa baiskeli kuja kumtazama msichana mwenye sketi akililiza gita, na wazee waliokuja kukemea waliishia kutikisa miguu. Ah, ujana ule! Natamani ungeuona.

Sasa, kwetu kuna desturi. Gita likikolea, mwimbaji hulitaja jina la mpigaji ndani ya wimbo, ili asikiaye ajue sifa ni za nani. Studioni, gita la Atieno lilipoingia, nikataja jina langu. Nisikudanganye kwamba niliteleza. Nilikuwa na wivu.

Atieno hakukosea hata noti moja mpaka mwisho. Tulipotoka nje ndipo aliponiuliza, akiniita ndugu kwa lugha yetu, "Omera, kazi ni yangu, jina ni yako?"

"Santuri ni ya bendi," nikamjibu. "Usifanye maneno mingi."

Hakupiga nasi tena. Aliolewa Muhuru Bay, akawa muuza omena, wale dagaa wa ziwani, nami nikazeeka na sifa zake.

Mwaka jana nilikwenda kumwomba msamaha. Nilimkuta akianika omena, wajukuu wake, waliomwita Dani, yaani bibi, wakiusikiliza wimbo uleule kwenye simu.

"Niliwaambia ni mimi nilipiga hiyo gita," akaniambia, bila hasira. "Wakacheka. Wakasema, lakini Dani, mbona ni jina ya mwanaume inaitwa?"

Mwanangu, yule bibi alionekana mwongo mbele ya wajukuu wake mwenyewe, na sababu ni mimi. Nikawaita wale watoto, nikawaambia ukweli mbele yake. Wakakimbia kumletea gita la kanisani. Akalipakata, akajaribu, lakini vidole vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi. Akawarudishia huku akitabasamu. Mimi nililia, mzee mzima, mbele ya watoto wa watu.

Basi nakuusia: ukipata sifa kwa kazi ya mwenzako, mtaje siku hiyohiyo, mbele ya walewale wanaokushangilia. Akiwa mwanamke, mtaje mara mbili, maana wengi wako tayari kutomwamini. Msamaha Atieno alinipa siku ileile, lakini miaka ambayo angepiga gita sikuweza kumrudishia. Mungu akujalie moyo mkunjufu, uwataje wenzako wangali na nguvu za kusimama wakashangiliwa. Amina, mwanangu.