Wimbo Niliojifanya Nimeutunga

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo hata leo nikiikumbuka masikio yangu hupata moto. Nilikuwa hamali bandarini Malindi, hapa Unguja, nina miaka ishirini na mbili, na nilikuwa nimempenda Zuhura, msichana aliyekuwa akishona nguo nyumbani kwa shangazi yake, Bi Salma. Kumpenda nilimpenda, kumwambia ndiko kulikonishinda. Na huku nilikuwa nshasikia kwamba kuna watu wa kijiji cha Matemwe wanataka kuja kumposa.

Baharia mmoja alinipa kaseti ya nyimbo za Kimarekani, zile za magitaa, za watu wa mashamba. Ulikuwamo wimbo mmoja mpole, wa mtu anayemngoja mpenzi wake. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini nilikaa na kamusi siku nne nikaugeuza Kiswahili. Nikauandika kwa hati nzuri, na chini nikatia: Mtunzi, Abdalla. Barua nikaikunja ndani ya kitambaa cha shati nilichompelekea Zuhura anishonee.

Asubuhi ya pili yake napita kwenda kazini, Bi Salma akaniita, barua yangu mkononi mwake.

"Abdalla!"

"Naam, Bi Salma. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa hapo. Haya maneno umeyatunga wewe?"

"Mimi mwenyewe, Bi."

Hakubisha. Alibonyeza redio yake ya kaseti, ikatoka sauti ya mwanamke ikiimba wimbo ule ule. Akabadilisha kaseti: mwanamme mtu mzima, sauti ya kukwaruza, wimbo ule ule, taratibu zaidi. Kumbe wimbo wangu ulikuwa umeshaimbwa na waimbaji chungu nzima! Marehemu mume wa Bi Salma alikuwa mtu wa meli. Kaseti zile alizileta yeye, na maneno akamfasiria mkewe moja moja. Zuhura alikuwa akishona huku akizisikiliza kila siku.

"Zuhura kaujua tangu mstari wa pili," akasema Bi Salma. "Na hapa umeandika utamngoja stesheni ya treni. Treni gani, Abdalla? Ya Bububu iliondoshwa kabla hujazaliwa."

Nyuma ya pazia nikasikia mtu anacheka. Nilimjua ni nani.

Bi Salma akapunguza sauti ya redio. "Sikiliza, mwanangu. Wote hawa wameuimba, na hakuna aliyesema kautunga yeye. Jina la mtunzi hili hapa, kwenye karatasi ya kaseti. Kila mmoja kaja na sauti yake, ndiyo maana nnawasikiliza wote. Wewe jina la mwenzio umelifuta, na sauti yako hukuileta. Sasa binti yangu nimuoze nani, wewe au kaseti?"

Siku mbili nilizunguka vichochoro vya nyuma nisipite pale. Siku ya tatu hofu ya wale watu wa Matemwe ikanishinda. Nikaandika barua nyengine, fupi, ya kukwama kwama: kwamba nilisema uongo, kwamba kutunga sijui, na kwamba kila asubuhi nachelewa kazini kwa kuwa nasimama kusikiliza cherehani yake, na msimamizi ananigombeza. Nikampa Bi Salma mkononi, haijafungwa.

Jibu alinipa yeye mwenyewe, jioni, anajizuia asitabasamu: "Anasema ulete wazee wako."

Leo tuna wajukuu saba.

Basi mwanangu, naona siku hizi mnapelekeana maneno ya mapenzi kwenye simu, mazuri kweli, ila mmeyaokota kwengine. Kuupenda wimbo wa mtu si kosa. Uimbe, msikilizishe mwenzio, mwambie na nani kautunga. Lakini lililo moyoni mwako liseme mwenyewe, hata likitoka na kigugumizi, maana anayetaka kuishi nawe anataka kukujua wewe. Na ukishikwa na uongo usijifiche siku mbili kama mimi. Rudi siku ile ile, ukiri.

Mungu akupe ulimi wa kweli, akukutanishe na mwenye sikio la huruma, na nyumba yenu aitie masikilizano mpaka uzeeni. Amin.