Nani Kapiga Yowe?

Siku hiyo naikumbuka kwa mwiko niliokuwa nao mkononi, ugali ukiwa bado unafuka moshi. Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha binafsi pale Shinyanga mjini. Kupika hosteli kulikatazwa, ila wewe mwenyewe unajua amri hiyo inavyoheshimiwa. Mchana, watu wakitoka vipindini, nikasikia nje, "Mwizi! Mwizi!" Sikuzima hata jiko. Nikatoka mbio.

Usinicheke, mwanangu. Mimi ni mtoto wa kijiji cha Didia. Kwetu yowe tunaliita mwano, na mwano ukipigwa hakuna anayebaki ndani. Unatoka na chochote ulichoshika, mwenye jembe na jembe, mwenye mchi na mchi. Asiyetoka hatasalimiwa kesho yake, na akifiwa atazika mwenyewe. Nimelelewa hivyo, na nusu ya bweni lile walilelewa hivyo. Kwa hiyo miguu ilitangulia, akili ikaja baadaye.

Tena tulikuwa na hasira. Wiki ile laptop zilikuwa zinapotea hosteli, na siku zile laptop ilikuwa mali kweli kweli, wenye nazo darasani tuliwajua kwa majina. Tulikuwa tukitafuta mtu wa kummalizia hasira hiyo.

Nikamkuta uwanjani, kwenye kamba za kuanikia nguo. Kijana ameketi chini, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu. Lilikuwa vumbi la karasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu, Geita kila mtu analijua. Damu ilimtoka juu ya jicho. Alikuwa amekumbatia begi lililofunguka zipu, na ndani yake laptop mpya ilionekana.

"Ya nani hiyo?" aliuliza Deo, kijana wa darasa letu, akiwa na chuma cha kitanda.

"Ya dada yangu. Kabula. Anasoma hapa, nimeambiwa nimsubiri."

"Kabula gani? Usukumani kila nyumba ina Kabula!"

Watu wakacheka. Kicheko kile kiliniogopesha kuliko chuma cha Deo, maana mtu akishachekwa ni rahisi kumpiga. Na kweli, kofi likafuata. Nyuma kabisa sauti ikaita, "Leteni tairi!"

Hapo ndipo akili yangu ilipofika. Kabula mmoja nilimjua, tulikuwa tukisoma naye ualimu, na asubuhi nilimwona akienda maktaba. Nikamshika mkono Neema, niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja, nikamwambia akimbie akamwite. Neema akaenda. Lakini maktaba ilikuwa upande wa pili wa chuo, na wavulana wawili walishaanza kutembea kuelekea gereji.

Nitakuambia nilichokumbuka. Babu yangu alikuwa sungusungu, mlinzi wa kijiji. Nilipoitikia mwano mara ya kwanza, nikiwa msichana mdogo, nilisukuma watu ili nimwone aliyekamatwa. Babu alinivuta sikio mbele ya kijiji kizima.

"Unamtazama huyo wa nini?" alisema. "Huyo haendi popote. Mtafute aliyepiga mwano! Asimame, aseme jina lake, aseme ameona nini kwa macho yake. Kama hayupo, twende nyumbani."

Na kwetu, aliyepiga mwano bure alitozwa ng'ombe, kwa hiyo watu walifikiri kabla ya kufungua mdomo. Chuoni tulichukua mbio za mwano tu, hayo mengine tuliyaacha kijijini.

Nikapenya hadi katikati. Sikuwa shujaa, mwanangu, hata mwiko bado nilikuwa nimeushika.

"Nani kapiga yowe?" nikauliza.

Watu wakatazamana.

"Nasema nani kapiga yowe? Ajitokeze tumwone!"

"Wewe dada na mwiko wako, hebu toka hapo!"

"Sitoki. Aje anitoe huyo aliyepiga yowe. Deo, umeona nini wewe?"

"Mimi nimeambiwa," akasema Deo.

"Na nani?"

Akamwonyesha msichana mmoja. Msichana akasema naye kasikia koridoni. Wa koridoni akasema kasikia dirishani. Umati mzima ule ulikuwa umesikia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameona.

"Haya, iliyoibwa ni ya nani? Mwenyewe aje aichukue."

Hakuja mtu. Ile sauti ya nyuma ikaita tena, "Mnamsikiliza huyu? Choma!" Nikaiambia ije iseme hayo hapa mbele. Haikuja. Chuma cha Deo kikashuka kidogo, kisha kikashuka kabisa, na mimi nikaendelea kuuliza swali lile lile kama kasuku, kwa sababu sikuwa na lingine.

Kabula alifika analia, kiatu kimoja hana. Alipoona vumbi lile akapiga magoti. "Kaka Shija!"

Kaka yake alikuwa anachimba dhahabu upande wa Runzewe, huko Geita. Alipopata mgao wake aliinunua ile laptop Kalangalala, pale Geita mjini, akapanda basi bila kuoga asije akachelewa. Alimwambia dada yake neno moja tu, nalo ninalisikia hadi leo. "Nilitaka ufurahi."

Watu wakayeyuka. Hakuna aliyesema pole, isipokuwa Deo, aliyeleta maji ya kumwosha na kushindwa kumtazama usoni. Aliyepiga yowe hatujamjua hadi kesho. Ugali wangu uliungua, na sikuwa na hamu nao.

Siku ya mahafali Shija alikuja amevaa suti, akasimama nje ya geti. Tulimbembeleza aingie, akakataa. Basi Kabula akatoka na joho lake, akamvisha kaka yake kofia palepale barabarani, waendesha bodaboda wakipiga honi. Kovu juu ya jicho lilionekana wazi. Mimi nililia, na sikulia kwa furaha.

Sasa nije kwako. Jana umenitumia picha ya yule binti wa bweni lenu, na maneno "mwizi huyu hapa, sambazeni." Umeniuliza kama uisambaze na wewe, kwa kuwa wenzako wote kwenye kundi la darasa wamefanya hivyo. Nimekaa kimya hadi leo kwa sababu nilikasirika. Kidole chako kwenye simu ni ule mwiko wangu, tofauti yake ni kwamba wewe hata uwanjani hujatoka. Ukiitwa kwenye yowe, nenda, sikukatazi. Lakini ukifika muulize aliyelipiga jina lake na alichokiona. Asipojitokeza, usirushe jiwe lako, wala usisambaze. Halafu nenda chumbani kwa yule binti, leo hii, umwulize kama amekula.

Mungu akutunze huko uliko, mwanangu. Na ikitokea siku ukawa wewe uliyeketishwa chini katikati ya watu, akupe japo mtu mmoja wa kuuliza nani kapiga yowe.