Stika Nyekundu

Baba yangu hajawahi kupeleka kitu kwa fundi. Apeleke kwa nini, na fundi ni yeye? Kwa miaka thelathini na minane amekaa kwenye kile kichumba chetu kinachotazama barabara, miwani imefungwa uzi kisogoni, meza imejaa redio zilizofumuliwa na makopo ya skrubu. Mtaa mzima unamwita Fundi Koili. Kitu kikiharibika nyumbani, hata mpini wa sufuria, mama alikuwa na jibu moja tu: "Kiweke hapo, baba yenu atakiona." Na kweli alikiona. Ubaya ni kwamba mtu akisifiwa miaka yote hiyo, mwishowe anaamini.

Masikio ya mama yalianza kufifia polepole. Mwanzoni tulimtania kwamba anasikia anayoyataka tu, naye akatujibu kwamba hiyo ndiyo siri ya kuishi na fundi wa redio. Baadaye utani ukaisha. Akaacha kwenda kwenye vikao vya kina mama, amechoka kucheka kwa kuwa wenzake wanacheka. Mimi na kaka zangu tukajinyima mwaka mzima, tukamnunulia kifaa cha sikio, kidogo kama harage, chenye dhamana ya miaka miwili. Cha pili tusingekiweza.

Siku mbili za kwanza nyumba iligeuka. Mama alitembea sebuleni makusudi asikie ndala zake. Akaingia jikoni: "Hili bomba linavuja tangu lini?" Nikamwambia tangu mwaka juzi. Kisha akasimama kwenye mlango wa kichumba cha baba, akasikiliza. "Kumbe bado unaimba ukifanya kazi!" Baba akaona haya kama bwana harusi. Ni mwimbaji mbaya sana baba yangu, lakini siku ile aliimba hadi jioni.

Siku ya tatu, Jumamosi, kifaa kikaanza kupiga mluzi, kinakata na kurudi. Mama akakivua, akakiweka mezani kwa baba. "Jumatatu tukirudishe dukani," akasema, akachukua kikapu akaenda sokoni. Siku mbili tu za kusubiri.

Baba akakigeuza kwenye mwanga. "Nikipeleke dukani? Mimi? Watu wakiniona nimepanga foleni na kitu kibovu mkononi, uso nitauweka wapi?"

Karatasi ya dhamana nilikuwa nayo mimi. Nikamsomea: stika nyekundu ikibanduliwa, dhamana imekwisha.

"Hayo ni maneno ya kututisha, sisi mafundi tufe njaa," akasema.

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, nikashika tochi nikammulikia, naye akapitisha wembe chini ya ile stika bila kuacha hata mkwaruzo. Ila ndani mlikuwa na vitu vidogo mno kwa macho ya mtu wa miaka sitini na sita. Akagusa mahali kwa chuma chake cha kuchomea, ukatoka moshi kidogo, mluzi ukakoma. Na kila sauti nyingine ikakoma pamoja nao.

Mama aliporudi, baba akamwinamia sikioni akapaza sauti: "Kimekufa!" Mama akampapasa bega. "Kama wewe umekishindwa, basi walituuzia kibovu." Hakuna lawama ambayo ingemuuma baba kuliko imani ile.

Jumatatu tukaenda dukani, baba na mimi. Dada wa kaunta hakungoja hata tumalize kueleza. "Cha mluzi? Poleni sana. Vimekuja kadhaa hivyo, kiwanda chenyewe kimekiri. Tunabadilisha hapa hapa." Akapokea risiti, akatoa kifaa kipya, akakiweka juu ya kioo cha kaunta mbele yetu. Kisha ndipo akakigeuza cha kwetu. Akatazama pale ilipokuwa stika, akatazama vidole vya baba vyenye makovu ya moto.

"Baba, nani alikifungua?"

"Ubovu ulikuwemo kabla," baba akasema. "Nina haki ya kupewa kizima. Sheria inasema."

"Inasema, baba, na ungekileta kilivyokuwa ningekupigania mwenyewe. Sasa wakiniuliza hiki kilichoungua kimeunguzwa na nani, nitawajibu nini?"

Dada akakirudisha kile kipya kwenye boksi taratibu, na nadhani ilimuuma. Wanasema majuto ni mjukuu. Ya kwetu hayakungoja hata tufike nyumbani.

"Wamekataa," nilimwambia mama. Sikuongeza neno. Tangu hapo tukipita lile duka anasonya, anawaita wezi mbele za watu. Siku moja yule dada alimwamkia kwa heshima zote, mama akageuza uso. Mimi nikatazama chini.

Baba sasa, mtu akimletea feni au redio, swali la kwanza ni dhamana. Ikiwa bado ipo, anaisukuma mbali: "Rudi nayo dukani, usiiguse." Majirani wanasema mzee amekuwa mvivu.

Mchana mmoja aliketi karibu na mama kibarazani akamwambia yote: wembe, stika, kile kipya kilichokuwa kimeshawekwa kaunta. Nilikuwa naanua nguo, nikasikia kila neno. Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayetubu. Mama akatabasamu, akaitikia kwa kichwa kama alivyokuwa akicheka vikaoni, kisha akamtoa uzi uliokuwa umenata begani. Baba hakurudia.

Mama anajua kusoma. Ningeweza kumwandikia, mistari miwili ingetosha. Sijaandika, maana ningelazimika kuandika pia ni nani aliyeshika tochi.

Juzi alisimama tena kwenye mlango wa kichumba. Baba alikuwa ameinamia redio, mgongo kwetu. Mama akanivuta mkono, akasema kwa ile sauti yake kubwa ya siku hizi, uso umemchangamka: "Msikilize baba yako. Huyo akishika bisibisi lazima aimbe."

Nikamwitikia kwa kichwa. Baba hajaimba tangu Jumatatu ile.