Pumzi ya Bi Mize

Kule kwetu Makangale, chumba cha dawa tulikuwa wanne: mimi; mama yangu, Bi Time, kanishika mguu; bibi yangu mzaa baba, Bi Mize; na muuguzi, Bi Raya, mtoto wa kaka yake Bi Mize. Nilikuwa na jipu pajani, linapasuliwa siku ile.

Bi Raya akanipaka spiriti. Ubaridi, na harufu ya kukwaruza pua. Alipogeuka kuchukua kisu, bibi akanisomea dua, akanipulizia palepale palipopakwa. Mate yakanirukia.

Bi Raya akakiweka kisu. "Shangazi, hapo sipasui. Naanza upya."

"Dua yangu uchafu, Raya? Nimekulea mimi, leo wanitoa makosa?"

"Dua si uchafu, shangazi. Mate ndiyo. Yakiingia kidondani, mguu wa mtoto utaoza. Mpulizie utosini, hapa tupaache pakauke penyewe."

Bibi alinuna. Bi Raya akanipaka spiriti upya. Kisha akanikumbatia kichwa, akasoma, akanipulizia utosini mpaka jipu likamalizika kupasuliwa. Mguu huo ndio ninaotembea nao.

Juzi muuguzi mwingine kanipulizia dawa ya chupa gotini, kabla ya sindano. Harufu ile ile. Binti yangu Saumu, midomo ishaanza dua, akainama gotini. Nikamwinua kidevu.

"Utosini, mwanangu."

Kama aliyenishika mguu hakuwa mama, anayekumbuka anisahihishe. Utosini nina hakika napo.